Usukani mwepesi asubuhi ya baridi: shajara ya MX-5

Jumamosi, kabla ya jua

Gari la mradi huu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, kile kilichotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1997. Taa za kuchomoza, injini ya lita 1.6 mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, pawa stelingi ya haidroliki. Uzito wake ni karibu tani moja, na umegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Gari hili halinunuliwi kwa kasi yake. Hununuliwa kwa sababu usukani wake unaongea: unajua tairi la mbele limekanyaga nini kabla macho hayajakwambia.

Hili langu likilala nje usiku wa baridi, asubuhi halisemi kitu. Kwa kilomita za mwanzo, kuanzia mwendo wa 60 hivi, usukani unakuwa mwepesi mkononi. Simaanishi ule wepesi mzuri wa kuegesha gari. Ukikata kona pua inatii, gari linakwenda unakolielekeza, lakini mikono haisikii kinachoendelea kule chini. Na ukitoka kwenye kona ukalegeza vidole, usukani unarudi nusu ya njia kisha unatulia hapo, unangoja uumalizie mwenyewe. Gari lililo sawa hurudisha usukani katikati bila kuombwa.

Baada ya robo saa ya kuendesha hali inabadilika. Uzito unarudi taratibu, huwezi kusema umerudi kwenye kona ipi. Ikifika mchana gari ni zima kabisa, na ndiyo maana kila fundi niliyempelekea mchana alinirudishia ufunguo akiniambia halina tatizo.

Naandika dalili hizi kwa kirefu kwa sababu nusu ya jibu imo humo. Hitilafu ya umeme, kama waya ulioachia au sensa inayokatika, huja ghafla na kuondoka ghafla. Hii inapungua pole pole, kwa hiyo natafuta kitu kinachopata joto pole pole. Jambo la pili: usukani mwepesi na usiorudi katikati ni tofauti na usukani mzito na usiorudi katikati. Ukiwa mzito, unatafuta msuguano: bolijointi iliyokauka, raki (chuma chenye meno kinachogeuza magurudumu) iliyokazwa kupita kiasi, jointi ya shafti ya usukani yenye kutu. Ukiwa mwepesi, hakuna kinachouzuia. Kilichokosekana ni ile kani inayousukuma urudi.

Jumapili

Mshukiwa wa kwanza wa kila mtu ni pawa stelingi, na hoja yao si mbaya. Injini ikiwa baridi hunguruma juu kidogo. Hili langu husimama kwenye mizunguko 850 kwa dakika likiwa la moto, lakini asubuhi huanzia 1,300 au zaidi. Pampu inaendeshwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini ikizunguka haraka na pampu nayo huzunguka haraka, na msaada wa usukani unaongezeka. Hoja inaingia akilini mpaka uikumbuke gia. Kwenye gia ya tano, mwendo wa 80, injini ya gari hili inazunguka kama mara 2,600 kwa dakika, iwe imeamka sasa hivi au imeshinda barabarani kutwa nzima. Pampu haina namna ya kujua tofauti. Hoja ya injini kunguruma juu inaeleza wepesi wa kuegesha. Wepesi wa barabarani hauelezi.

Isitoshe, oili ya pawa stelingi ikiwa baridi huwa nzito na hupita kwa shida kwenye vali, na matokeo yake ya kawaida ni usukani mzito asubuhi, tena wakati mwingine unaolia. Mimi nalalamikia kinyume chake.

Bado nilitaka ushahidi wa mkono. Kwenye gari hili mkanda unaoendesha pampu ya pawa stelingi na kompresa ya kiyoyozi ni tofauti na ule wa alteneta na pampu ya maji. Unaweza kuutoa ule wa kwanza na injini isipate joto kupita kiasi. Niliutoa, nikatembeza gari asubuhi mapema kwenye barabara tupu. Kuegesha kulikuwa kazi ya mabega, hilo nililitarajia. Barabarani usukani uliongezeka ukinzani kidogo kwa sababu unasukuma oili iliyolala ndani ya raki, ila kwenye kona ulikuwa na uziwi ule ule, na baada ya kona ulibaki pale pale nilipouacha. Kilomita za baadaye ukaanza kurudi wenyewe. Pampu haizunguki, na dalili iko vile vile.

Pampu nimeiondolea hatia. Mkanda nimeurudisha. Sishauri mtu aendeshe gari hivyo kwa safari ya kweli, hasa kwenye foleni.

Jumatatu jioni

Nimekagua chini. Jeki, stendi, tochi. Nimeshika gurudumu juu na chini nikatikisa: hakuna mchezo. Kushoto na kulia: hakuna. Tairodi endi zote mbili zimebana vizuri, mpira wa raki haujachanika, beringi hazina sauti. Shokamzoba hazivuji. Bushi za mikono ya saspensheni ni za zamani lakini hazijapasuka.

Bushi za mpira hukakamaa kwenye baridi na oili ya shokamzoba huwa nzito, kwa hiyo gari hurukaruka zaidi juu ya matuta asubuhi. Nimeliandika hilo pembeni. Linaweza kuongeza kero, ila barabara ninayojaribia ni laini, na kule dalili haipungui.

Jumanne

Jaribio la kutenganisha joto. Ndani ya gari kuna vitu vingi vinavyoamka kwa pamoja ukiendesha: injini, oili ya stelingi, shokamzoba, matairi. Ukiendesha tu hutajua ni kipi kilichoponya usukani. Lakini haviamki vyote kwa njia moja. Injini inaweza kupata moto gari likiwa limesimama. Oili ya stelingi unaweza kuipasha kwa kuzungusha usukani taratibu huku na huku bila kuubana mwisho. Tairi halipati joto mpaka lizunguke chini ya uzito.

Kwa hiyo niliwasha gari, nikaliacha lingurume hadi sindano ya joto ikapanda mahali pake na thamostati ikafunguka, nikazungusha usukani mpaka kopo la oili ya stelingi likawa vuguvugu mkononi. Ndipo nikaondoka. Usukani ulikuwa mwepesi na bubu, hakuna nafuu hata chembe.

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote ya mradi huu. Halikuhitaji spana, na limefuta nusu ya orodha.

Kuna mtu aliniambia ni upepo wa kwenye boneti, kwamba hewa ya baridi ni nzito na inainua pua. Kweli hewa ya nyuzi 0 ni nzito kuliko ya nyuzi 30 kwa kama asilimia 11. Lakini robo saa baadaye hewa ingali baridi ile ile, na usukani umeshapona. Hewa haikupashwa moto na mtu.

Jumatano

Leo ni matairi. Kipimajoto cha miale kilisoma nyuzi 6 kwenye matairi yote manne kabla ya kuondoka. Baada ya robo saa ya mwendo wa kawaida, ya nyuma yalikuwa 24 na ya mbele 19. Hilo halishangazi: ya nyuma yanasukuma gari na yanabeba kazi zaidi, ya mbele yanaamka mwisho. Na usukani unasikiliza ya mbele tu.

Upepo ndani ya matairi nao umezidi. Mbele niliukuta psi 33 tairi likiwa baridi, wakati kipimo cha kiwandani kwa gari hili ni 26 pande zote. Aliyejaza alifuata mazoea ya magari mazito. Tairi lililojaa sana linakanyaga kwa unyayo mfupi, yaani sehemu inayogusa barabara, na unyayo ukiwa mfupi kani ya kurudisha usukani hupungua. Nimeshusha hadi 27. Nafuu ipo, ndogo lakini ya kweli, nayo inaonekana hata mchana.

Hapa pana mtego unaofaa kutajwa. Wengi wakisikia baridi na matairi wanakimbilia kusema upepo umeshuka. Ni kweli hushuka, kama psi moja na nusu kwa kila nyuzi 10 za joto. Lakini upepo ukishuka unyayo unarefuka na usukani unakuwa mzito zaidi. Kushuka kwa upepo usiku kungenisaidia, siyo kuniumiza. Kwa hiyo kinachobadilika asubuhi ni mpira wenyewe.

Nikasoma ubavuni. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi za DOT: 1913. Wiki ya 19 ya mwaka 2013. Kashata, vile vipande vya mpira kati ya mifereji ya tairi, zimejaa, hakuna ufa unaoonekana, ukilitazama tu utasema ni jipya. Gari la michezo la wikendi huzeesha matairi namna hii: kilomita haziyamalizi, miaka ndiyo inayoyamaliza. Nikaazima kipimo cha ugumu wa mpira, kile cha kubonyeza kwa sindano butu. Asubuhi kilisoma 78 kwa kipimo cha Shore A, ambacho namba ikiwa kubwa mpira ni mgumu zaidi, na baada ya kuendesha 71. Matairi ya gari la rafiki yangu, ya aina hiyo hiyo ya kiangazi lakini machanga, yalisoma 66 asubuhi ile ile.

Ugumu huo una maana gani kwa mikono yangu? Mpira wa tairi hushika barabara kwa njia mbili: kujikunjia kwenye vijitundu vya lami, na kunata. Zote mbili zinadai mpira uwe laini kiasi. Mchanganyiko wa matairi ya kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata yakiwa mapya. Mpira uliozeeka huanza mapema zaidi.

Alhamisi usiku, mezani

Sikugusa gari leo. Nilikaa na karatasi, maana kuna kitu hakikutulia: matairi ya zamani wanayo wengi, na magari yao asubuhi hayawi hivi.

Kani inayorudisha usukani katikati ni zao la vitu viwili: nguvu ya ubavuni inayotoka kwenye tairi, na umbali ambao nguvu hiyo inatenda nyuma ya mhimili wa usukani. Umbali huo nitauita mkokoto, na una sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza inatokana na kasta. Mhimili ambao gurudumu linageukia haukusimama wima, umelala nyuma kidogo kwa juu, kwa hiyo ukiurefusha hadi chini unagonga ardhi mbele ya mahali tairi linapokanyaga. Tairi linakokotwa nyuma ya nukta hiyo, kama gurudumu la kitoroli cha kubebea mizigo linalojipanga lenyewe nyuma ya pini yake. Sehemu hii ni ya chuma. Haijui baridi wala joto.

Sehemu ya pili ni ya tairi lenyewe. Tairi likikata kona, mpira unaingia kwenye unyayo ukiwa umenyooka na unazidi kupinda ukielekea nyuma, hivyo nguvu nyingi ya ubavuni hutokea nyuma ya katikati ya unyayo. Kwa tairi la gari dogo umbali huo ni kati ya milimita 20 na 40 hivi kona ikiwa ndogo. Lakini tairi likikaribia kuteleza, kashata za nyuma ya unyayo ndizo zinazoachia kwanza, na umbali unapungua hadi kufikia sifuri. Hii ndiyo sehemu inayoongea. Dereva anayesema usukani umelegea kabla gari halijateleza anasoma sehemu hii bila kujua.

Tairi gumu lenye baridi linaachia nyuma ya unyayo mapema, hata kwenye kona ya kawaida. Sehemu ya pili inatoweka, na mikono inabaki na sehemu ya kwanza peke yake. Sasa swali: kwangu sehemu ya kwanza ina ukubwa gani?

Kwa tairi la 185/60 rimu ya inchi 14, kutoka katikati ya ekseli hadi ardhini ni kama milimita 280 gari likiwa na uzito wake. Kasta ya digrii 5 inatoa mkokoto wa karibu milimita 25. Kasta ya digrii 3 inatoa 15. Hesabu hii ni ya haraka, inachukulia kwamba kitovu cha gurudumu kiko juu ya mhimili kabisa, lakini uwiano unatosha. Kama kuna mtu alipunguza kasta ya gari hili, basi aliufanya usukani utegemee matairi kwa karibu kila kitu. Matairi yakiwa na joto yanalipa deni, yakiwa baridi hayana cha kulipa.

Ijumaa napima kasta.

Ijumaa

Mashine ya alaimenti, ile ya kupanga pembe za magurudumu, si lazima kwa kazi hii. Kwa kasta unahitaji kitu cha kupima mlalo wa gurudumu, yaani kemba, na njia ya kulifanya gurudumu lizunguke bila kukwaruza sakafu. Nilichukua vigae vinne vya sakafuni, viwili kila upande, nikavikutanisha uso kwa uso na grisi katikati. Magurudumu ya mbele yalikaa juu yake, na ya nyuma nikayawekea mbao za unene uo huo ili gari lisiiname. Breki ya mguu niliikandamiza kwa kipande cha ubao kilichobanwa na kiti. Sakafuni nikachora kwa chaki mistari ya digrii 20 kwa ndani na digrii 20 kwa nje.

Ukigeuza gurudumu digrii 20 kwenda nje unasoma kemba. Unaligeuza digrii 20 kwenda ndani, unasoma tena. Tofauti ya masomo hayo mawili ukiizidisha kwa moja na nusu unapata kasta, kwa ukaribu wa kuridhisha.

Kushoto tofauti ilikuwa digrii 2.1. Kulia 2.3. Yaani kasta ya digrii 3.2 na 3.5. Kiwango cha kiwandani ni kama digrii nne na nusu, na wenye kulipenda gari hili huenda hadi tano na zaidi. Nikazitazama bolti za kemu, zile zenye kisahani kisicho na kitovu katikati ambazo ukizigeuza zinausogeza mkono wa saspensheni, kwenye mikono ya chini: alama zake zote zimegeuzwa upande unaoongeza kemba na kuila kasta. Mtu alilishusha gari hili zamani, akataka magurudumu yalale ndani kwa ajili ya sura au kona za uwanjani, na kasta ikachukua kilichobaki. Si kosa la kijinga. Kwenye uwanja wa mashindano, matairi yakiwa yanachemka, labda hakuwahi kuhisi lolote.

Jumamosi, gereji

Fundi wa alaimenti aliposikia maelezo yangu alicheka kwanza.

"Kaka, wateja wangu wote wanakuja kulalamika usukani mzito. Wewe umekuja kulalamika mwepesi."

"Fundi, mimi nataka mzito kidogo. Nipe kasta zote unazoweza, na kemba ibaki inayobaki."

Akaniangalia, akaingia chini ya gari, akatoka na habari niliyoitarajia: bolti ya nyuma ya mkono wa kushoto imeshikana na bushi. Ni ugonjwa unaojulikana sana wa magari haya. Bolti inapita ndani ya bomba la chuma lililogandishwa katikati ya mpira, na kutu ikiingia kati ya bolti na bomba vinakuwa kitu kimoja. Unaweka spana, unageuza kichwa, kinakwenda vizuri. Unaachia, kinarudi kilipokuwa. Mpira wa bushi ndio unaojikunja na kujikunjua, bolti haijasogea popote. Mtu mwenye haraka atasoma alama ya kemu akiwa ameishikilia, akakaza nati, akaandika namba nzuri kwenye karatasi, kisha gari likishuka kwenye mashine bushi inavuta kila kitu kirudi.

Tuliloweka kwa mafuta ya kupenya, tukaacha, tukaloweka tena. Nati tuliirudisha ikalingana na mwisho wa uzi ili nyundo isiharibu meno, tukagonga kwa nyundo ya shaba, pigo fupi fupi, huku mwingine akitikisa kichwa kwa spana ndefu. Moto hatukuutumia, ungechoma mpira. Ulipotoka mlio mkavu, kama kijiti kimevunjika, fundi akasema, "Hiyo imekubali." Ilichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Bolti tuliisafisha kwa brashi ya waya na kuipaka grisi ya shaba kabla ya kuirudisha. Hizo nyingine tatu tulizitoa na kuzipaka pia, kwa kuwa zamu yao ingefika.

Marekebisho yenyewe ni mepesi ukielewa mkono unakwenda wapi. Ili kasta iongezeke, bolijointi ya chini lazima isogee mbele. Kwa hiyo kemu ya mbele ya mkono wa chini inaingia ndani kuelekea katikati ya gari, na ya nyuma inatoka nje. Mkono unazunguka kidogo na ncha yake inakwenda mbele. Kemu zina mwisho, na kila kasta uliyoiongeza inakula sehemu ya kemba. Tulimalizia kwa kasta ya 5.0 kushoto na 4.9 kulia, na kemba ikashuka hadi digrii 0.9 ndani. Kwa barabara ya kawaida inatosha. Magurudumu ya mbele tuliyapanga yaangalie ndani kidogo mno, karibu sifuri.

Bolti za mwisho zilikazwa gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, bushi zinafungwa zikiwa zimejikunja, na zitachakaa kabla ya wakati.

Jumapili asubuhi

Nyuzi 5 nje. Matairi ni yale yale ya 2013, makusudi: sikutaka kubadili vitu viwili kwa pamoja nisijue kipi kimefanya kazi.

Usukani sasa una uzito tangu kona ya kwanza, na unarudi katikati, si kwa haraka ya mchana lakini unafika. Kinachokosekana bado ni maneno. Uzito ule ni wa kasta tu, haubadiliki ukikaza kona, hauniambii tairi limebakiza kiasi gani. Ni hatari ya aina yake, maana usukani wenye uzito unakupa imani ambayo matairi hayajaistahili. Angalau ule wepesi wa zamani ulikuwa unasema ukweli: mbele hakujashika. Sitaliendesha gari hili kwa nguvu asubuhi mpaka matairi yabadilike.

Kwa wanaofikiria kuyapasha matairi kwa kuyumbisha gari kushoto na kulia: hiyo inapasha ngozi ya juu kidogo, na tairi baridi ndilo lisilofaa kuyumbishwa. Mwendo wa wastani na kukanyaga breki kwa uthabiti kunaingiza joto zaidi.

Wiki iliyofuata

Matairi mapya yamefungwa, saizi ile ile, ya mchanganyiko unaofanya kazi hata chini ya nyuzi 7. Niliacha yale ya ushindani wa uwanjani kwa sababu hiyo. Tarakimu za ubavuni nilizisoma kabla hayajapanda kwenye rimu, na nawashauri wengine wafanye hivyo hivyo, kwani tairi linaweza kuwa jipya dukani na zee kiwandani. Ugumu wake asubuhi ni 64. Upepo psi 27.

Tofauti ilionekana kabla sijafika mwendo wa 60. Kwenye kona ndefu ya kwanza usukani ulianza kuwa mzito kadiri nilivyoukaza, kisha karibu na mwisho ukalegea kiasi kidogo sana, ile ishara niliyokuwa naikosa. Baada ya kona niliachia vidole na ukarudi wenyewe mpaka katikati. Nikilinganisha asubuhi na mchana bado kuna pengo, ila ni la kutafuta.

Nilirudia pia safari ile bila mkanda wa pampu, kwa udadisi. Kuegesha kwa kasta ya digrii 5 bila pawa stelingi hakufai kupendekezwa kwa mtu mwenye bega bovu. Barabarani ulikuwa usukani bora kuliko wote niliowahi kushika kwenye gari hili. Mkanda umerudi mahali pake, lakini wazo la raki isiyo na pawa limeingia kwenye orodha.

Yaliyobaki: usukani umekaa upande wa kushoto kidogo gari likienda moja kwa moja, itabidi tairodi zirekebishwe kwa usawa pande zote mbili. Kemu nimezitia alama ya rangi nyeupe ili nione kama zitasogea, na nati zitakaguliwa tena kwa spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza, baada ya kuendesha kidogo. Bushi ya mkono wa kushoto, ile iliyovutwa na bolti iliyoshikana, ina mpasuko mdogo upande wa nyuma. Nimeagiza seti nzima.